Kinachomkunja Mtu

Anaamka alfajiri, anataka kutia udhu, na vidole havifungui bomba. Vifundo vya miguu vimevimba, mgongo hauinuki, mwili unachoma kwa homa. Wamakonde wa Newala, kusini mwa Tanzania, walipougua hivyo mwaka 1952, hawakungoja darubini ndipo wauite ugonjwa kwa jina. Waliuita chikungunya, yaani kinachomkunja mtu. Neno hilo la Kimakonde ndilo limo leo katika vitabu vya tiba duniani kote, na wapo miongoni mwetu wanaolisikia wakidhani limetoka Asia.

Kilichowakunja watu wale ni kirusi. Upana wake ni nanomita 70 hivi. Ukivipanga 14,000 kwa mstari mmoja, mstari hauzidi milimita 1. Ndani yake mna uzi mmoja wa RNA wenye herufi za kikemikali zipatazo 11,800. Uzi umefungwa katika ganda la protini, na ganda limevikwa utando wa mafuta wenye miiba 80. Hakina kingine zaidi ya hapo. Hakili chakula, hakipumui, hakikui, na kikiwa peke yake hakiwezi kuzaa hata kirusi kimoja.

Mfikirie fundi cherehani kibarazani. Kila siku analetewa karatasi za vipimo: urefu, mabega, kiuno. Anasoma, anakata, anashona. Haulizi karatasi imeandikwa na nani, maana kazi yake ni kushona kilichoandikwa. Seli zetu zina mafundi wa namna hiyo kwa mamilioni, waitwao ribosomu. Hupokea maagizo kutoka katika kiini cha seli na kuunda protini zinazoujenga na kuuendesha mwili. Kirusi ni karatasi ya vipimo iliyoandikwa kwa mwandiko ambao mafundi hao wanaujua.

Tatizo lake ni kukifikia kibaraza. Mbu aina ya Aedes akishauma, kirusi huelea mwilini hadi mwiba wake ugusane na protini inayoshikamana nao juu ya ngozi ya seli. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, kilichopo St. Louis, Marekani, waliitambua mojawapo ya protini hizo, Mxra8. Iko kwenye seli za gegedu, za mifupa, za misuli na za nyuzi zinazoshikilia viungo. Nilipolisoma jambo hili nilikumbuka jina la Kimakonde. Ugonjwa unakunja viungo kwa sababu huko viungoni ndiko kirusi kinakopata pa kushika.

Seli, ikidhani imepata chakula au mzigo wa kawaida, hukimeza ndani ya kifuko. Kifuko kile huanza kuwa kichachu, kama ilivyo desturi ya seli inapotaka kukivunjavunja ilichokimeza. Uchachu huo ndio kirusi kinaoungoja. Ukifika kiwango fulani, miiba hubadili umbo, utando wa kirusi unaungana na ukuta wa kifuko, na uzi wa RNA unamwagikia ndani. Mafundi wanaanza kazi mara moja. Kwanza wanashona protini 4 ambazo kwa pamoja hunakili uzi wenyewe, nakala baada ya nakala. Kisha maganda, kisha miiba. Virusi vipya vinapotoka, kila kimoja huondoka na kipande cha utando wa seli ile ile. Joho la kirusi limekatwa kwenye kitambaa cha mwenye nyumba.

Hapo ndipo ilipo sababu ya antibayotiki kutofanya kitu. Dawa hizo hushambulia mitambo ya bakteria, kama ukuta wake au ribosomu zake, na kirusi hakina hivyo vyote. Kinatumia vya kwetu. Inaniuma kuona mtu mwenye mafua au chikungunya akitumia fedha ya chakula kununua vidonge visivyoweza kumsaidia. Anahitaji mapumziko, maji ya kutosha na parasetamoli. Na aspirini aiache mpaka vipimo vithibitishe kwamba si homa ya dengi, kwa sababu dengi huweza kuleta damu kuvuja.

Kunakili uzi wa RNA kwa haraka kuna makosa yake. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu, ikaenda Mombasa, ikavuka hadi Komoro, na mwaka 2005 ikafika kisiwa cha Réunion. Huko herufi moja kati ya zile 11,800 ilibadilika katika sehemu inayounda mwiba. Mabadiliko hayo yalikiwezesha kirusi kustawi ndani ya mbu mwingine, Aedes albopictus, ambaye ndiye aliyejaa kisiwani. Karibu theluthi ya wakazi wa Réunion waliambukizwa.

Lakini Lamu kirusi hakikuhitaji herufi mpya. Ulikuwa wakati wa ukame. Maji yalikuwa adimu, na watu waliyahifadhi majumbani katika mapipa, mitungi na ndoo. Mbu wa Aedes hapendi dimbwi la shambani. Anapenda maji yaliyotulia karibu na watu, naye huuma mchana, saa ambazo hakuna aliye ndani ya chandarua. Uchunguzi wa damu uliofanywa baada ya mlipuko ulikadiria kwamba watu 3 kati ya 4 mjini Lamu walikuwa wamepata kirusi. Newala nako, nusu karne kabla, nyanda za juu za Makonde zilikuwa na uhaba wa maji, na akina mama waliyachota mbali na kuyaweka ndani.

Mama anayefunika mtungi wake anamzuia mbu kutaga. Asiyekuwa na kifuniko, amwage maji kila wiki, ila kumwaga tu hakutoshi. Mayai ya Aedes hunata ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi yakiwa hai. Chombo kisuguliwe kwa brashi, hasa pale kwenye mstari ambapo maji huishia.