Mteja Hewa

Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba kazi ya udalali huku kwetu Chole, Kisarawe. Wiki mbili tumeonyesha mashamba watu kumi na mmoja, aliyelipa mmoja. Wengine ndio wale mjomba anaowaita wateja hewa: anatoka Dar na familia nzima, anapiga picha chini ya mwembe, anaulizia mpaka maji ya kisima, kisha simu hapokei tena.

Kwa hiyo msimseme vibaya dalali akidai hela ya usumbufu kabla bodaboda haijawashwa. Wachache mno kwetu hununua ardhi kwa mkopo wa benki, hivyo hakuna karatasi ya kuthibitisha kwamba huyu ana uwezo. Dalali anabaki kumsoma mtu kwa macho. Mmoja alikuja na kandambili, nikamzungusha kwa uvivu tu. Ndiye aliyelipa, tena taslimu!

Lakini pesa si sifa pekee. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ardhi ya kijiji nayo inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Mgeni hawezi kumalizana na mwenye shamba kienyeji tu. Haya mjomba alikuwa hayasemi mpaka bei ikubaliwe.

"Mjomba, si uwaambie mapema kwenye simu?"

"Nikiwaambia, nani atakuja?"

Tulibishana hadi usiku. Asubuhi akanikabidhi simu nipokee mimi. Naanza na uraia, halmashauri, ndipo fedha. Wanaokata ni wengi.