Kunyeshewa kwa Kijapani: Kauli ya Kutendwa katika Msamiati wa Mvua

Mswahili anayejifunza Kijapani hukariri upesi nomino za mvua: 'ame', mvua, 'kosame', manyunyu, 'tsuyu', majira ya mvua ya Juni na Julai. Tanakali 'zaazaa', ya mvua kubwa, humchekesha tu. Ugumu umo katika 'ame ni furareta', yaani nilinyeshewa na mvua. Kiswahili hutanguliza kauli ya kutendea kabla ya kutendwa: nyesh-e-w-a. Kijapani huambika '-are-' moja kwa moja kwenye kitenzi sielekezi 'furu': fur-are-ta. Tena umbo hilo hubeba adha. Kwetu shamba likinyeshewa ni heri. Mwanafunzi akiisifu mvua ya masika kwa 'furareta', huenda Mjapani akampa pole.