Upungufu wa Damu na Upungufu wa Chuma: Istilahi Mbili, Si Moja

Mfasiri wa maandishi ya tiba huvutwa kwa urahisi kuyaita mambo mawili kwa jina moja, yaani "upungufu wa damu". Katika makala hii twakusudia kuonyesha kwamba, kwa mgonjwa wa saratani, mchanganyo huo waweza kuficha hali inayotibika.

Upungufu wa damu hupimwa kwa hemoglobini, protini nyekundu ichukuayo oksijeni. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito ana upungufu huo iwapo hemoglobini yake ni chini ya gramu 12 kwa desilita, na mwanamume chini ya gramu 13. Upungufu wa chuma ni kupungua kwa madini yaiundayo hemoglobini hiyo. Waweza kuwapo kabla damu haijapungua, na damu yaweza kupungua kwa sababu nyingine.

Akiba ya chuma hupimwa kwa feritini, protini ihifadhiyo chuma. Kwa mtu mzima mwenye afya, feritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita huonyesha kuwa akiba imekwisha. Lakini saratani yaweza kuipandisha feritini, hata kipimo kikaonekana kizuri hali mgonjwa anapungukiwa. Aidha, ini huzidisha hepsidini, homoni ifungayo chuma ghalani kisifike kwenye uboho. Ndiyo sababu hupimwa pia transferini, protini isafirishayo chuma, ili ijulikane asilimia ngapi ya nafasi zake imebeba chuma. Mwongozo wa madaktari wa saratani wa Ulaya wa mwaka 2018 uliweka mipaka hii: feritini ikiwa chini ya 100, akiba imepungua, ikizidi 100, na transferini imebeba chini ya asilimia 20, chuma kimo ghalani lakini hakitoki.

Kwa hali hizo mbili twapendekeza "upungufu wa akiba ya chuma" na "kufungika kwa chuma". Tafsiri ya neno kwa neno, "upungufu wa kiutendaji", humpeleka msomaji kwenye kazi za ofisini. Tofauti hii si ya maneno tu: hepsidini huzuia pia chuma kisifyonzwe utumboni, hivyo vidonge vyaweza visifae, na daktari akaona heri chuma kitiwe mshipani.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wazipime istilahi hizi, na wenye zilizo bora watuletee.