Kabla ya kuzizika tarakilishi kuukuu

Majuzi nilialikwa na rafiki yangu wa tangu chuoni, ambaye sasa ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya upili, nikaone chumba chao cha tarakilishi. Nilikuta mashine ishirini zimepangwa juu ya meza ndefu, kila moja imefunikwa kwa kitambaa kilichoshonwa na wanafunzi wenyewe ili vumbi lisiingie. Zilikuwa zimetunzwa vyema kuliko vitabu vya maktaba. Hata hivyo, zilikuwa kuukuu. Kila moja ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 2 tu, na nyingi zilifika shuleni kama msaada baada ya kutumika kwa miaka mingi katika afisi za ng'ambo. Muuzaji mmoja alikuwa amekwisha kumwambia mwalimu mkuu kwamba hazina maisha tena. Muda wa kawaida wa Microsoft kuihudumia Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, nazo mashine zile haziwezi kuipokea Windows 11. Dawa, kwa maoni yake, ilikuwa kununua nyingine ishirini. Na fedha zingetoka kwa nani ila kwa wazazi, ambao karo yenyewe wanailipa kwa taabu?

"Ndugu yangu, wewe huandika juu ya mambo haya," mwalimu aliniambia tukiwa tumesimama mlangoni. "Niambie kweli. Hizi nizizike au nizitibu?"

Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa tulipopita katika afisi ya naibu wa mwalimu mkuu nilikuwa nimeona kitu kingine. Humo mlikuwa na tarakilishi mpya yenye gigabaiti 32 za kumbukumbu, iliyonunuliwa kwa ajili ya kushughulikia matokeo ya mitihani. Kila muhula hufanya kazi kwa siku chache tu. Siku zilizosalia husinzia huku imewashwa. Shule ile, basi, ilikuwa na nguvu za kutosha za tarakilishi, ila nguvu hizo zilikuwa katika chumba kimoja na wanafunzi katika kingine.

Hapa ndipo penye suala ninalotaka walimu na wanafunzi tulitafakari pamoja. Programu yaweza kutenda kazi katika mashine moja na kuonyesha sura yake katika mashine nyingine. Mashine ya pili hupokea mchoro wa dirisha tu, na kurudisha habari za vidole vilivyobonyeza na kipanya kilichosogezwa. Kazi hiyo ni nyepesi mno, hata tarakilishi ya miaka kumi na mitano iliyopita huiweza.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1983, nchini Marekani, chuo cha MIT kilianzisha mradi uitwao Athena, kwa msaada wa kampuni za Digital na IBM, ili kueneza tarakilishi katika masomo ya wanafunzi wake. Mashine zilikuwa za aina mbalimbali, nazo hazikuelewana. Mwaka uliofuata Robert Scheifler na Jim Gettys wakaanza kutunga mfumo ambao ungeiwezesha programu iliyo katika mashine hii kuchora dirisha lake juu ya skrini ya mashine ile. Uliitwa X kwa sababu ulitokana na mfumo mwingine uliotangulia, jina lake W. Toleo la kumi na moja lilitoka Septemba 1987, na ndilo ambalo, pamoja na marekebisho mengi, lingali linatumika.

Nawaonya wanafunzi mapema juu ya jambo moja ambalo limewakanganya hata mafundi. Katika mfumo wa X, seva ni ile programu iliyo mbele ya mtumiaji, ndani ya tarakilishi dhaifu, kwa kuwa ndiyo inayotoa huduma ya skrini, kibodi na kipanya. Programu nzito inayokokotoa katika mashine kubwa ndiyo mteja. Aingiaye dukani akamkuta mteja nyuma ya kaunta hawezi kulaumiwa akishangaa.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza programu ipi ni bora kwa kazi hii, mimi humuuliza kwanza: ni nini kitakachopita katika waya? X hupitisha maagizo, kwamba chora mstari kutoka hapa hadi pale, andika neno hili, paka rangi kisanduku kile. VNC, iliyotungwa katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, na kutolewa bure kwa umma mwaka 1998, hupitisha picha yenyewe ya skrini. RDP ya Microsoft, iliyokuja mwaka huohuo wa 1998 pamoja na toleo la Windows NT 4.0 lililokusudiwa watumiaji wengi, huchanganya njia hizo mbili.

Tufanye hesabu kidogo, maadamu nawaandikia walimu. Skrini ya 1024 kwa 768 ina nukta 786,432. Kila nukta ikibebwa kwa baiti 3, picha moja nzima inazidi megabaiti 2.3. Waya wa megabiti 100 kwa sekunde, ambao ndio ulio katika shule nyingi, hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 12.5 kwa sekunde, yaani picha nzima tano tu, na hizo ni za mwanafunzi mmoja. Ndiyo maana VNC huibana picha na kutuma sehemu zilizobadilika pekee. Mwanafunzi anayeandika insha hubadilisha pembe ndogo ya skrini. Anayetazama filamu hubadilisha skrini nzima kila mara, naye atawakwamisha wenzake wote.

Msomaji atasema basi X ndiyo bora. Asifanye haraka. X ina tabia ya kuuliza na kungoja jibu. Tuseme programu fulani huuliza mara 500, moja baada ya nyingine, kabla ya kufungua dirisha lake. Ndani ya chumba kimoja, ambamo swali na jibu huchukua milisekunde moja, itangoja nusu sekunde. Kupitia intaneti, safari moja ikichukua milisekunde 150, itangoja sekunde 75. Rafiki yangu alijionea mwenyewe. Jioni moja alijaribu kuifungua programu ya kuchora grafu akiwa nyumbani, kwa kutumia intaneti ya simu yake. Akabofya, akaenda jikoni kuinjika chai, na aliporudi dirisha lilikuwa bado jeupe. Tarakilishi aliyoitumia ilikuwa mpya, na chanzo cha ule ukawiaji kilikuwa urefu wa njia. Fauka ya hayo, programu nyingi za siku hizi hujichorea zenyewe na kuipa X picha iliyokamilika, hivi kwamba ile faida ya kutuma maagizo mepesi imepungua sana.

Kwa safari ndefu kama hiyo kuna X2Go, ambayo imejengwa juu ya teknolojia ya NX iliyotungwa na kampuni ya NoMachine. Kazi yake ni kuyabana maagizo ya X na kuyapunguza yale maulizo ya kwenda na kurudi. Siku ya pili mwalimu aliijaribu, na dirisha likafunguka kabla hajainuka kitini. Chai ilichelewa.

Turudi chumbani. Fundi mmoja alishauri Windows ya zamani ibaki katika zile mashine, kisha iongezwe seva ya X kama vile VcXsrv, Cygwin/X au Xming. Mbili za kwanza ni za bure. Xming nayo, matoleo yake mapya hupewa waliochangia fedha. Ni programu nzuri, na mtu mwenye tarakilishi moja ya Windows anayetaka kuona dirisha la Linux mara mojamoja asitafute kwingine. Lakini kwa shule hii nilipinga ushauri huo. Windows yenyewe hula sehemu kubwa ya zile gigabaiti 2 kabla hata kazi haijaanza, na mfumo usiotiwa tena viraka vya usalama haufai kuachiwa watoto ukiwa umeunganishwa na intaneti. Rai yangu ilikuwa Windows iondolewe na mahali pake pawekwe Linux nyepesi, ambayo huja na seva yake ya X. Swali la kuchagua seva gani hutoweka papo hapo.

Wapo watakaotaja LTSP, mfumo ulioasisiwa na Jim McQuillan mwaka 1999, ambao huziwezesha mashine kuwaka kupitia waya bila hata kuwa na diski. Naupenda mfumo huo, ila walimu wengi huukumbuka jinsi ulivyokuwa zamani. Ulipoandikwa upya mwaka 2019, kawaida yake ikawa kuleta mfumo kupitia waya na kuziacha programu zitende kazi ndani ya mashine ya mwanafunzi. Kwa mashine ya gigabaiti 2, huko ni kuurudisha mzigo juu ya mgongo uleule uliokuwa ukiuma. Yafaa kuutumia kwa kuwashia, kisha kazi yenyewe ionyeshwe kwa X2Go, au kwa xrdp, programu ya bure inayoifanya Linux izungumze lugha ya RDP.

Na kwa nini mashine kubwa isiwe ya Windows? Leseni. Windows ya kawaida huruhusu mtu mmoja tu aitumie kwa wakati mmoja, na toleo la seva hudai leseni kwa kila mtumiaji au kila kifaa. Ishirini mara bei hiyo, kisha tuhesabu tena kilichookolewa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonikera. Fundi yuleyule, katika kuonyesha umahiri wake, aliandika amri ya xhost na alama ya kujumlisha mbele yake. Dirisha likatokea mara moja na kila mtu akafurahi. Amri hiyo huifungulia mashine yoyote mtandaoni njia ya kuifikia skrini, na katika X programu iliyokwisha kuingia yaweza kusoma kila herufi inayobonyezwa, nywila zikiwemo. Tiba imekuwepo tangu 1995, mwaka ambao Tatu Ylönen wa Helsinki alitunga SSH, ambayo huyafunika mawasiliano yote kwa siri na kuweza kuyabeba madirisha ya X ndani yake. X2Go huitumia SSH bila kuulizwa. VNC ya asili nayo haikuficha picha zilizopita katika waya, na nywila yake ilikomea herufi nane. Anayeitumia na aipitishe ndani ya SSH.

Hapo ndipo nilipolazimika kuigeuza rai yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeikodolea macho ile mashine ya naibu, ilhali ndani yake mna alama za mitihani za shule nzima. Mashine ihifadhiyo alama za mwanafunzi haifai kuwa ndiyo mwanafunzi anayoingilia kila siku, hata kuta za ndani zijengwe namna gani. Tuliitumia kwa majaribio wakati wa likizo tu, kwa diski nyingine kabisa, tukairudisha ilivyokuwa.

Hivyo basi bodi ya shule iliombwa mashine moja yenye nguvu badala ya ishirini. Tulikadiria nusu gigabaiti kwa kila mwanafunzi anayeandika au kuchora grafu, jumla gigabaiti 10, na ziada kubwa kwa kuwa vivinjari vya intaneti ni vilafi. Mjumbe mmoja aliuliza swali la haki: mashine hiyo ikizimika, si darasa zima litakuwa limezimika? Naam, litazimika. Hakuna programu iwezayo kuliondoa tatizo hilo. Ikabidi betri ya akiba iongezwe katika bajeti, pamoja na diski ya pili ya kunakilia kazi za wanafunzi kila usiku. Mwalimu pia alikiri waziwazi kwamba masomo ya video hayatafaa kwa njia hii.

Kati ya zile ishirini, tatu hatukuweza kuzitibu, kwani bao zake zilikuwa zimeungua. Zimefunguliwa na kuwekwa wazi juu ya meza ya nyuma ili wanafunzi waone kilicho ndani. Kumi na saba zinafanya kazi. Nilikuwepo siku ya kipindi cha kwanza, nikamsikia msichana wa kidato cha tatu akiuliza, "Mwalimu, kama programu iko kule afisini, mbona inasikia kipanya changu hapa?" Mwalimu akachukua chaki, akachora masanduku mawili na waya mmoja, kisha akamwita msichana yule mbele aandike mwenyewe ni lipi kati ya hayo mawili ndilo seva.