Kileleni, Betri Ni Mzigo

Mzigo wa mwenzio, walinena wahenga, ni kanda la usufi. Lakini apandaye mlima na redio mgongoni haubebi mzigo wa mwenziwe, hubeba wake.

Mchezo huu ulianzia Uingereza mwaka 2002. Mpenzi wa redio mwenye leseni hupanda hadi kileleni, akatundika eriali yake, akawaita wenziwe hewani. Wakimjibu wanne, hupewa alama za mlima ule. Sheria ni kali: vyombo vyote vibebwe na wapandaji, na jenereta ya mafuta ni mwiko. Pamebaki betri na umeme wa jua.

Hapo ndipo penye shauri. Redio ya wati 100 hula kama ampea 20 inapopeleka sauti. Ya wati 5 hula kama 2 tu. Betri ya risasi ya ampea-saa 7 hupita kilo mbili. Ya lithiamu ya kiasi hichohicho haifiki nusu ya uzito huo.

Je, wati 5 zatosha? Naam. Kwa mawimbi yaendayo moja kwa moja, mlima wenyewe ndio mlingoti. Na kwa mawimbi mafupi, alama za Morse huvuka bahari kwa nguvu hizo hizo.

Ila baridi huidhoofisha betri, kwa hiyo wazoefu huificha ndani ya koti. Tena hawasahau kwamba kufika kileleni ni nusu ya safari. Redio kubwa haimteremshi mtu mlimani. Humteremsha miguu isiyochoka.