Ufini: Kuingia kwa Bahari, Kupanda kwa Reli

Kwenye ramani, Ufini imeshikana na bara. Imepakana na Norwe na Uswidi huko kaskazini, na Urusi upande wote wa mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,300. Hata hivyo Wafini hupenda kusema kwamba nchi yao ni kisiwa, na mgeni akikaa kidogo anaona hawakosei. Zaidi ya asilimia 90 ya shehena ya biashara yao ya nje hupita baharini. Mpaka na Uswidi uko mbali mno na miji mikubwa ya kusini, na vituo vya mpaka wa Urusi vimefungwa tangu mwishoni mwa 2023. Anayetoka Ujerumani kwa treni akafika Stockholm ana njia mbili: kuizunguka Ghuba yote ya Bothnia kwa nchi kavu, au kuteremka bandarini na kulala melini. Karibu wote huchagua meli.

Ndiyo njia ninayomshauri yeyote anayetaka kuijua Ufini, hata kama ndege ya saa moja ipo. Nchi hii ilikuwa chini ya Uswidi kwa zaidi ya miaka 600, kisha chini ya Urusi kuanzia 1809 hadi ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917. Uswidi iliacha alama yake baharini, Urusi ikaacha yake relini. Msafiri anayeshuka melini na kupanda treni anazikuta zote mbili kwa mkupuo mmoja.

Kutoka Hamburg hadi Stockholm nitapita haraka. Zamani kipande hicho kilikuwa na utamu wake: hadi Desemba 2019, treni ya Copenhagen iliingia mzimamzima ndani ya kivuko pale Puttgarden, na abiria wakapanda sitahani kunywa kahawa kwa dakika 45 mpaka Rødby. Siku hizi treni huzunguka kwa Jutland na daraja la Storebælt, huku kwenye mkondo ule wa zamani likijengwa handaki la kilomita 18 chini ya bahari. Baada ya Copenhagen treni huzama handakini, ikaibukia kwenye kisiwa kilichotengenezwa na watu, ndipo ikapanda daraja la Øresund lililofunguliwa mwaka 2000. Kuanzia Malmö ni misitu na mashamba, saa nne na nusu hivi, mpaka Stockholm.

Meli za Ufini hufunga gati katika sehemu mbili za jiji, Stadsgården iliyo jirani na mji wa kale, na Värtahamnen kaskazini kidogo. Hizi si boti za kuvusha watu na baiskeli. Viking Glory, iliyoanza kazi 2022 baada ya kujengwa Xiamen, China, ina urefu wa mita 222, hubeba abiria 2,800 na hutumia gesi asilia. Wakati abiria wanapanda kwa daraja la kioo, chini yao malori yanaingia moja baada ya jingine, yakielekezwa na vijana wenye fulana za kung'aa mpaka tela linakaa shibiri chache kutoka ukutani. Mle tumboni mwa meli ndimo yalimo maisha ya nchi: karatasi, mbao, vipuri, mboga kutoka kusini mwa Ulaya. Kuta za kabini, dansi ya wazee na bufe ya salmoni na heringi wa siki vimewekwa juu ya malori hayo, na ni malori yanayoifanya meli iende kila siku, kiangazi na kipupwe.

Usikimbilie bufe. Panda sitaha ya juu meli inapoondoka jioni, maana saa chache zinazofuata ndizo bora za safari yote. Mbele ya Stockholm kuna funguvisiwa la visiwa, vijisiwa na miamba ipatayo 30,000, na jengo hili linaloelea la ghorofa kumi na kitu linapenya katikati yake kwa mikondo myembamba kiasi kwamba unaona sahani mezani kwa watu. Nyumba nyekundu za mbao, mlingoti wa bendera, gati dogo la mbao, mtoto aliyesimama na taulo mabegani akingoja mawimbi ya meli yafike. Meli hupunguza mwendo ili mawimbi yake yasizivunje kingo. Maofisa wanaoiongoza hutakiwa kufaulu mtihani wa njia yenyewe, mwamba kwa mwamba, wakizijua kona zake kwa kichwa. Mwezi wa Juni jua huzama kwa kusitasita, na mwanga hauondoki kabisa. Januari kiza huwa kimeshaingia alasiri, na meli inapopita unasikia barafu ikisagika ubavuni.

Usiku wa manane meli husimama. Abiria wengi wamelala, wala hawajui. Imefika Åland, funguvisiwa jingine katikati ya njia, lenye watu wapatao 30,000, na mkasa wake unastahili kukesha. Visiwa hivi ni vya Ufini, lakini wenyeji husema Kiswidi na Kiswidi peke yake ndiyo lugha rasmi. Ufini ilipopata uhuru, wao walitaka kurudi Uswidi. Mwaka 1921 Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, liliamua vibaki Ufini kwa sharti kwamba lugha na desturi zao zilindwe. Leo wana bunge lao, bendera yao na stempu zao. Vijana wao hawaitwi jeshini, na tangu 1856 ni marufuku kuweka ngome za kijeshi visiwani humo. Msomaji wa Zanzibar ataupima mpango huu kwa mizani yake mwenyewe. Ninachoweza kusema ni kwamba umedumu zaidi ya karne bila risasi hata moja kupigwa kati ya wakubwa wawili waliokuwa wakigombania visiwa hivyo.

Sababu ya meli kusimama ni kodi. Ufini ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995, Åland ilibaki nje ya eneo la kodi la umoja huo, na meli inayogusa gati lake inaruhusiwa kuuza vinywaji, manukato na peremende bila ushuru. Mauzo hayo ndiyo yanayoifanya tiketi iwe rahisi. Ndiyo maana utawaona watu wazima wakishuka asubuhi na vigari vidogo vilivyojaa makasha.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa pwani au wa Ziwa Victoria hawezi kulipita kimya akiwa kwenye bahari hii. Usiku wa tarehe 28 Septemba 1994, meli ya abiria Estonia, ikitoka Tallinn kwenda Stockholm, ilizama katika dhoruba. Mlango mkubwa wa omoni ulikatika kwa kupigwa na mawimbi, maji yakaingia sitaha ya magari, na kwa muda usiofika saa moja meli ilikuwa imekwenda chini. Walikufa watu 852. Waliopona ni 137. Uokoaji uliongozwa kutoka Turku. Sisi tuna MV Bukoba ya Mei 1996 na Spice Islander ya Septemba 2011, na tunajua msiba wa namna hii unavyoingia kila nyumba. Linalonigusa hapa ni lililofuata. Mwaka 1996 nchi za eneo hili zilikubaliana kwamba meli ya magari lazima ithibitishwe kuwa inaweza kubaki wima hata maji yakiingia sitaha ya magari, na meli zilizokuwapo zikarekebishwa au kuondolewa. Meli nyingi zilizojengwa baadaye hazina tena mlango wa kuinuka omoni. Zina mbawa mbili zinazofungwa kwa pembeni, kiasi kwamba wimbi likizipiga huzidi kuzibana. Katika Stockholm, karibu na makumbusho ya meli ya Vasa, majina ya waliokufa yamechongwa kwenye mawe. Anayekwenda kupanda meli na apite pale kwanza.

Asubuhi saa imesogezwa mbele kwa saa moja, na kwa mtu wa Afrika Mashariki hilo lina raha yake: wakati wa kiangazi saa ya Ufini na ya Dar es Salaam au Nairobi ni moja. Meli inafika mlango wa Mto Aura, mbele ya ngome nzito ya mawe ambayo Waswidi walianza kuijenga mwishoni mwa karne ya 13. Huu ndio Turku, kwa Kiswidi Åbo, na vibao vyote vina majina mawili. Kiswidi ni lugha rasmi ya pili ya nchi ingawa ni lugha ya nyumbani ya watu wapatao asilimia 5 tu. Kanisa kuu la mji liliwekwa wakfu mwaka 1300. Turku ndio uliokuwa mji mkuu mpaka 1812, mfalme wa Urusi alipoona uko karibu mno na Stockholm, akahamishia serikali Helsinki. Moto wa 1827 uliuteketeza sehemu kubwa, na chuo kikuu nacho kikahama. Lakini mji haukufa. Karakana yake ya meli ndiyo iliyounda Icon of the Seas, meli ya kitalii iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani ilipoanza safari 2024.

Hapa unatoka baharini na kuingia relini, na alama za Uswidi zinakatika chini ya miguu yako. Ufini ilijenga reli yake ya kwanza, Helsinki hadi Hämeenlinna, mwaka 1862, chini ya Urusi, kwa hiyo ikajengwa kwa kipimo cha Kirusi: milimita 1,524 kati ya chuma na chuma. Uswidi na sehemu kubwa ya Ulaya hutumia 1,435, kipimo kilekile cha SGR zetu. Tofauti ni upana wa kiganja, lakini inatosha kuzuia behewa la Stockholm lisikanyage Turku. Aliyewahi kuona shehena ikishushwa Kidatu kutoka TAZARA na kupakiwa upya kwenye reli ya kati atalielewa jambo hili bila maelezo.

Kutoka Turku hadi Helsinki ni saa mbili hivi, kupitia misitu, mashamba ya ngano na mahandaki yaliyopasuliwa katika mwamba. Treni za ghorofa zina, katika behewa mojawapo, chumba cha watoto chenye kibembea cha kuteleza na rafu ya vitabu vya picha. Nilikaa pale nikimwangalia baba akimsomea binti yake kitabu kilekile tena na tena, abiria wengine wakiwa kimya kabisa. Wafini husafiri kimya, wala si chuki. Ukiuliza swali utajibiwa kwa utulivu na kwa ukamilifu.

Kituo cha Helsinki, kazi ya msanifu Eliel Saarinen, kilifunguliwa 1919. Majitu manne ya mawe yamesimama mlangoni, kila mmoja ameshika taa ya duara kwa mikono miwili. Dakika chache kwa miguu kuna uwanja wa Seneti, na katikati yake sanamu ya Aleksanda wa Pili, mfalme wa Urusi. Wafini hawakuiondoa, kwa kuwa wanamkumbuka kama aliyewarudishia bunge. Ni watu wanaojua kutenganisha mtawala na mtawala. Kuanzia Desemba 2010 treni ya kasi iitwayo Allegro iliondoka kituoni hapa kwenda St. Petersburg. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ilisimamishwa, na Aprili 2023 Ufini ikaingia NATO. Njia ya mashariki iko, mataruma yapo, abiria hakuna.

Jiji hili lina jamaa zake kwetu. Martti Ahtisaari, aliyezaliwa Viipuri, mji ambao Ufini iliupoteza kwa Wasovieti, alitumwa Dar es Salaam kuwa balozi mwaka 1973. Huko alijuana na viongozi wa ukombozi wa Namibia, na ujuzi huo ulimfikisha kwenye kazi ya Umoja wa Mataifa iliyosimamia uhuru wa nchi ile. Baadaye akawa rais wa Ufini, na 2008 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Profesa Arvi Hurskainen alijenga mkusanyo mkubwa wa matini za Kiswahili kwenye kompyuta ambao wanaisimu wetu wanautumia hadi leo.

Jioni panda treni ya usiku kwenda kaskazini. Mabehewa ya kulala ni ya ghorofa, vitanda viwili kila chumba, na vyumba vya juu vina bafu. Nyuma hufungwa mabehewa ya magari, kwa familia zinazokwenda na gari lao. Ni karibu saa kumi na mbili mpaka Rovaniemi, na hapo ndipo unapoanza kuelewa ukubwa wa nchi na uchache wa watu. Ufini ina ukubwa unaozidi theluthi ya Tanzania, lakini watu wake wote, milioni 5.6, wanakaribiana kwa idadi na wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Misitu imefunika zaidi ya asilimia 70 ya ardhi, na maziwa, makubwa kwa madogo, ni kama 188,000. Sheria inamruhusu mtu yeyote, hata mgeni, kutembea msitu wa mwingine, kuchuma matunda ya porini na uyoga, ilimradi asiharibu wala asisogelee nyumba za watu.

Rovaniemi ni mji mpya kwa sababu ya huzuni. Mwaka 1944 Wajerumani, waliokuwa washirika wa Ufini kabla ya kugeuziwa mgongo, waliuchoma wakirudi nyuma. Alvar Aalto aliuchora upya, barabara zake zikifuata umbo la pembe za kulungu wa kaskazini wanaofugwa huko. Mbele zaidi ni nchi ya Wasami, wenyeji wa tangu asili, ambao bunge lao liko Inari na ambao nchini Ufini peke yake wana lugha tatu.

Anayetaka kurudi bila kuvuka bahari ashuke Kemi na kushika basi la kwenda Tornio, mpakani. Aprili 1917 Lenin alipita hapa akirudi Urusi, baada ya treni ya Ujerumani, kivuko cha Sassnitz na treni za Uswidi. Daraja la reli lilikuwa halijajengwa, akavushwa kwa sleji. Daraja lililopo sasa limetandikwa vyuma vinne, viwili vya kipimo cha Uswidi na viwili vya kipimo cha Urusi. Mwaka 2025 serikali ya Ufini ilitangaza nia ya kuanza kuleta kipimo cha Ulaya upande wake, kuanzia hapo hapo. Kwa sasa abiria huvuka mto kwa basi au kwa miguu, anarudisha saa nyuma, na treni ya Uswidi anaikuta Haparanda.