Singeli ni Aina ya Nini? Upatanisho wa Kisarufi na Uainishaji wa Muziki wa Kielektroniki katika Kamusi Elezo ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanajadili uainishaji wa muziki wa kielektroniki katika kamusi elezo inayohaririwa na wapenzi wake wenyewe, hususani Wikipedia ya Kiswahili. Hoja inayojengwa ni kwamba mti wa uainishaji uliopokewa kutoka lugha nyingine huuliza muziki fulani ni tawi la muziki upi, ilhali majina ya Kiswahili, kupitia ngeli zake, hueleza muziki huo ni tukio gani au unapigwa kwa ala gani. Majina mnanda, vigodoro, singeli na amapiano yanatumika kuonesha kinachopotea pale mti huo unapofasiriwa bila kuisikiliza sarufi.

1.0 Utangulizi

Wikipedia ya Kiswahili, inayojitambulisha kwa wasomaji wake kuwa kamusi elezo huru, ilianza mwaka 2003. Waandishi wake ni watu wa kujitolea, na wengi wao huandika kwa kufasiri au kufupisha makala zilizokwisha kuandikwa kwa Kiingereza. Kila makala huwekwa katika kundi, na kundi hilo limepewa jina "Jamii". Uteuzi huu wa istilahi unafurahisha. Kwa mwanaisimu jamii, jamii ni watu kabla ya kuwa rafu ya kupangia vitu, na huenda waliolichagua neno hilo walisema kweli zaidi ya walivyokusudia.

Makala za Kiingereza kuhusu muziki huwa na kisanduku cha taarifa chenye nafasi za kujazwa: mtindo umetokana na mitindo ipi, ulizaliwa katika utamaduni gani, unatumia ala zipi, umezaa vijitanzu vipi. Umbo lake ni la ukoo. Muziki una wazazi, una watoto, na pengine una nduguze wa kambo. Kwa mhariri anayeandika juu ya muziki uliozaliwa Manzese au Tandale, swali la kwanza la kisanduku hicho tayari limeamua jibu liwe la namna gani.

2.0 Majina yaliyotoka kwenye majengo

Hata hivyo, mti huo si wa asili hata huko ulikotoka. Jina house huhusishwa na klabu ya Warehouse ya Chicago, iliyofunguliwa mwaka 1977, ambamo Frankie Knuckles alipiga santuri. Garage ni jina la klabu nyingine, Paradise Garage ya New York. Yalikuwa majina ya mahali pa kuchezea. Baadaye yakafanywa shina, na mashina yakaota matawi. Techno ilienea kama jina la muziki wa Detroit kwa msaada wa albamu ya mkusanyiko iliyotolewa Uingereza mwaka 1988, yaani kwa uamuzi wa soko kadiri ulivyokuwa uamuzi wa masikio.

Mhariri wa Kiswahili hawezi kuandika "muziki wa nyumba", kwa kuwa msomaji ataifikiria sebule. Analiacha jina kama lilivyo na kulitangulizia neno "muziki wa". Lugha imezoea mwenendo huu. Mbozi Mission, mkoani Songwe, lilikuwa jina la kituo cha wamisionari wa Kimoraviani. Leo ni jina la mahali, na mtu hutoka Mbozi Mission bila kuwa mmisionari.

Mbozi Mission panatufaa pia kwa sababu nyingine. Wilaya ya Mbozi imepitiwa na barabara kuu na reli ya TAZARA, zote zikielekea mpakani Tunduma na kuvuka kuingia Zambia. Msikilizaji wa hapo amekaa kati ya Dar es Salaam, kulikozaliwa singeli, na kusini mwa Afrika, kulikozaliwa amapiano. Tena, huenda lugha yake ya kwanza ni Kinyiha, ambacho wenyewe hukiita Ishinyiha. Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana.

3.0 Ngeli zinasema nini

Tuanze na amapiano, muziki uliochipuka katika vitongoji vya jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, katikati ya miaka ya 2010. Kiambishi ama- ni cha wingi, ngeli ya 6, na jina zima ni sawa na kusema "mapiano". Mzungumzaji wa Kiswahili ambaye lugha yake haina irabu tangulizi hulipokea kama neno lisilogawanyika na kulipeleka ngeli ya 9: amapiano imeshika, amapiano inachezwa. Mnyiha, kwa upande wake, anayo irabu hiyo katika umuntu na abhantu, na hata katika jina la lugha yake. Kwake ama- haina ugeni. Wingi uliomo ndani yake unaweza kusikika. Akisema amapiano yanachezwa, hajakosea Kiswahili, bali amekisoma kiambishi ambacho wengine wamekipita.

Ugumu kwa mtafiti ni kwamba kihusishi cha a-unganifu hakimsaidii. "Amapiano ya Tanzania" inakubalika katika ngeli ya 6 na ya 9 vilevile, kwa kuwa zote mbili hutoa ya. Anayetaka kujua jina limekaa wapi hana budi kutazama kitenzi. Vichwa vya makala na majina ya makundi katika kamusi elezo karibu vyote ni virai nomino visivyo na kitenzi. Kwa hiyo rafu haiwezi kutuonesha kile ambacho sentensi moja ingekidhihirisha.

Mnanda, unaoitwa pia mchiriku, upo ngeli ya 3 pamoja na mdundo, mchezo na mdundiko. Ni muziki wa Uswahilini, Dar es Salaam, uliotokana na ngoma za Wazaramo na kupata sauti yake mpya kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyopitishwa katika vipaza sauti vilivyochakaa. Ni vigumu kutoliona neno kinanda ndani ya mnanda. Kinanda chenyewe kimewahi kuwa ala ya nyuzi, kikawa cha kanisani, kikawa cha umeme, na jina halikubadilika. Mti wa uainishaji unaoweka ukuta kati ya "muziki wa asili" na "muziki wa kielektroniki" unapasua neno ambalo Kiswahili kimelibeba zima.

Vigodoro ni kisa tofauti. Katika orodha za mitindo huwekwa sambamba na mchiriku na singeli, lakini sarufi inakataa. "Singeli ni aina ya muziki" ni sentensi isiyo na tatizo. "Kigodoro ni aina ya muziki" inachechemea, na msikilizaji huirekebisha kimoyomoyo kuwa "aina ya sherehe". Vigodoro viwili ni mikesha miwili. Singeli mbili, kinyume chake, ni nyimbo mbili, kama ngoma mbili katika lugha ya vijana, na ngoma nayo ipo katika ngeli hiyohiyo ya 9/10. Kwa jaribio hili dogo la kuhesabu, kigodoro ni mahali na wakati ambamo singeli hupigwa. Si mzazi wake wala ndugu yake.

4.0 Mtindo, utanzu na tukio

Istilahi iliyozoeleka ya kufasiria dhana ya aina ya muziki ni "mtindo", nayo ina historia isiyokubali kufutwa. Katika muziki wa dansi wa Tanzania, mtindo ulikuwa mali ya bendi: Sikinde ya Mlimani Park, Msondo ya NUTA na warithi wake, Pambamoto ya Vijana Jazz. Bendi mbili zilizopiga rumba zilizokaribiana sana zilikuwa na mitindo miwili kwa sababu zilikuwa na wapenzi wawili tofauti. Kulitumia neno hilo kwa maana ya tawi lisilo na mwenyewe kunawezekana, ila tujue tunabadilisha nini.

Taaluma yetu ina nyenzo bora zaidi. Mulokozi, katika "Tanzu za Fasihi Simulizi" (1989), hakuridhika na kigezo cha umbo pekee; aliongeza muktadha na namna ya uwasilishaji, akiiona fasihi simulizi kuwa tukio linalofungamana na fanani, hadhira, mahali na wakati. Singeli ina mapigo kati ya 200 na 300 hivi kwa dakika, vipande vya taarabu vilivyokatwa na kuharakishwa, na ghani ya papo kwa papo juu yake. Kigezo cha umbo kitaipeleka karibu na muziki wa Ulaya wenye kasi kama hiyo, ambao hauna uhusiano nayo wowote wa kihistoria. Kigezo cha muktadha kitairudisha uani, penye ngoma na mipasho.

5.0 Tarehe inayoandikwa

Kamusi elezo hii hairuhusu utafiti mpya. Kila dai lazima liegemee chapisho linaloaminika. Kanuni hiyo ina busara yake, kwa kuwa bila hiyo kila shabiki angekuwa mwanahistoria. Lakini chapisho lina tarehe yake, na tarehe hiyo hupenda kujigeuza kuwa ya kuzaliwa. Jagwa Music wanapiga mchiriku tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Albamu yao iliyosambazwa Ulaya, *Bongo Hotheads*, ni ya 2012. *Sounds of Sisso*, mkusanyiko wa singeli uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ni wa 2017, wakati singeli ilikuwa imekwisha kuzoeleka Uswahilini. Makala inayotegemea tahakiki za albamu hizo itaufanya muziki uanze pale uliposikika na wageni.

Mwaka 2011, mradi wa People are Knowledge ulijaribu, nchini India na Afrika Kusini, kutumia mahojiano yaliyorekodiwa kama rejeleo la makala za Wikipedia. Jaribio hilo halikugeuka kuwa kanuni. Kwa Kiswahili ipo njia isiyohitaji kanuni kubadilishwa: majarida kama hili kuchapisha maelezo ya wapigaji, madijei na waandaaji wa vigodoro, yakiwa na tarehe na mahali, ili mhariri apate cha kurejelea. Na katika kisanduku, kabla ya nafasi ya "umetokana na", iwekwe nafasi ya "hupigwa wapi, na nani, kwa shughuli gani". Jina amapiano lihifadhiwe pamoja na upatanisho wake wote miwili, i- na ya-, kila mmoja ukielezwa unatoka kwa wazungumzaji gani.